Mandolini, mandola au buzuki? Pima kabla ya kununua nyuzi

Ala ya nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili ikionekana Mji Mkongwe, wengi wetu huiita mandolini na kumaliza maneno. Huenda ni kweli. Lakini zipo ala nyengine nne za ukoo huohuo zenye nyuzi nane, kwa hiyo kuhesabu nyuzi hakukufikishi mbali. Umbo nalo linadanganya: mandolini ya Napoli ina mgongo wa bakuli, nyengine zina mgongo bapa, za Kimarekani mara nyingi huchongwa uso na mgongo, na zote hutiwa sauti zilezile.

Kinachotofautisha ni urefu wa uzi. Chukua tepu ya fundi cherehani, pima kutoka kile kizuizi cha nyuzi kilicho juu ya shingo mpaka freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), kisha zidisha kwa mbili. Usipime mpaka kwenye briji, yaani kibao kinachobeba nyuzi juu ya uso wa ala, maana ala nyingi za ukoo huu briji yake haikugundishwa. Imeshikwa na mkazo wa nyuzi tu, na ikisogea kidogo kipimo kinaharibika.

Ukipata sentimita 33 hadi 36, hiyo ni mandolini. Mandola huwa 40 hadi 43, mandolini ya oktava 50 hadi 58. Kuanzia 60 hadi 69 ni buzuki au mandochelo, na hapo tepu pekee haitoshi. Tazama uzi mnene kuliko wote: wa mandochelo hukaribia milimita 2, wa buzuki ni kama milimita 1.

Aliyezoea bendi ya taarabu hatapata tabu kukumbuka sauti. Mandolini ni fidla: G, D, A, E. Mandola ni fiola: C, G, D, A. Mandochelo ni chello. Mpiga fidla akishika mandolini, vidole vya kushoto vinajua njia. Kazi imebaki mkono wa risha. Mandolini ya oktava ni G, D, A, E pia, ila oktava moja chini. Buzuki ya Kigiriki ya nyuzi nane ni C, F, A, D. Ile iliyoingia muziki wa asili wa Ireland miaka ya 1960 mara nyingi hutiwa G, D, A, D.

Ukiagiza kutoka Uingereza au Ireland, muulize muuzaji sentimita, usitegemee jina. Huko mandolini ya oktava huuzwa sana kama mandola.

Kosa linalokula nyuzi nyingi ni kuitia mandolini ya oktava sauti za juu za mandolini ya kawaida. Uzi wa E unakatika, mtu anafunga mwembamba zaidi, nao unakatika vilevile. Wembamba hausaidii: uzi mnene unataka mkazo zaidi lakini una nguvu zaidi, na mwembamba ni kinyume chake. Kinachoamua ni urefu na sauti unayoitaka. Kwa sentimita 55, E ya juu ya fidla haifikiki kwa uzi wa chuma.

Ukikosa nyuzi za mandolini Unguja, nunua pakti mbili za gitaa la umeme za 10 hadi 46 (namba ni unene wa uzi, kwa sehemu za elfu za inchi). Za 10 zifunge E, za 13 A, za 26 D, za 36 G. Za 17 na 46 weka kando. Uzi wa gitaa una kigololi mwishoni, na mandolini inataka kitanzi kitupu. Kibane kigololi kwa koleo mpaka kitoke, kitanzi kitabaki. Linda macho, kwani vipande huruka. Lakini mandolini kongwe ya bakuli usiifunge nyuzi hizi: uso wake mwembamba hudidimia chini ya briji, na matengenezo yake si ya bei ndogo. Hiyo itafutie seti nyepesi inayoanzia 9.

Udi na gabusi ziko mbali na ukoo huu, kwa kuwa hazina freti. Kwenye taarabu tofauti hiyo husikika haraka. Mandolini hukaa vizuri kwenye maqamu ya nahawandi au ajamu. Kwenye rasti na bayati, penye robo za sauti, freti zake hugombana na fidla. Hapo mpiga mandolini airuke noti hiyo, amwachie mwenye udi.