Madoa ya Koo la Fisi Maji

Tulifika Kituku, bandari ya Goma kwenye Ziwa Kivu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na binti yangu wa miaka tisa, mwezi wa Julai mwaka 2019, na kumkuta mjomba amekwisha kuijaribu injini ya boti yake mara mbili. Ufukoni wanawake walikuwa wakipima sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kwa sahani, na wavuvi waliokesha ziwani walikuwa wakiegesha mitumbwi yao, mitatu mitatu, iliyounganishwa kwa miti mirefu inayobeba wavu. Mjomba mwenyewe alivua hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, akiimba na wenzake kwa mpigo wa makasia, mpaka mgongo ulipomkatalia. Siku hizo alisafirisha abiria, na ndiye aliyemwahidi binti yangu kwamba atampeleka kuona ndege na wanyama wa Kivu mahali wanapoishi.

Mimi sikuwa mtu wa ziwa. Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma hadi kuingia majini, nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilisikia watu wazima wakinong'ona kwamba gesi iliyolala vilindini ingeweza kutibuka na kutuua sote. Haikutibuka. Lakini neno mazuku nilikuwa nikilijua tangu utoto, ile hewa nzito isiyoonekana ambayo hutuama mabondeni kuelekea Sake na kuua mbuzi na hata watu, na nilipoelewa kwamba chini ya maji yetu imelala gesi ya namna hiyohiyo, niliacha kulitazama ziwa kwa furaha. Nililivuka kwa meli ya Bukavu tu, nikiwa nimekaa ndani.

Tulifuata ufuko kuelekea magharibi, tukipita miamba myeusi ya lava ya zamani. Juu ya mwamba mmoja minandi saba walikuwa wametandaza mabawa kuelekea jua. Mjomba alipunguza mwendo na kutueleza kwamba manyoya ya mnandi hunywa maji, jambo linalomsaidia kuzama upesi anapofukuza samaki, ila humlazimu kujianika kila anapotoka. Kisha akatuonyesha mdiria, na hapo ndipo nilipoanza kusahau hofu yangu. Ndege huyo wa rangi nyeusi na nyeupe alikuwa amejisimamisha hewani, mabawa yakipiga kwa kasi na kichwa kikiwa kimetulia kabisa juu ya sehemu moja ya maji. Akajiangusha kama jiwe, akatoka na samaki mdogo, akammeza bila hata kurudi tawini.

"Ukiona mikanda miwili kifuani, huyo ni dume," mjomba alimwambia binti yangu. "Jike ana mmoja tu, nao umekatika katikati."

"Babu, huyu ana miwili!" akajibu, na tangu hapo akawa anamhesabia kila mdiria mikanda yake na kuandika katika daftari.

Hatukushuka Tchegera, kwa kuwa kisiwa hicho kimo ndani ya mbuga ya Virunga na hatukuwa na kibali. Tuliizunguka tu ile nusu duara ya kisiwa, ambayo ni ukingo wa kreta, yaani mdomo wa volkano ya kale, mjomba akazima injini tukaelea. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba mawe ya chini yalionekana. Baada ya muda mrefu wa ukimya, kichwa bapa cha kahawia kilichomoza karibu na matete, kikatutazama, kikazama. Kikachomoza tena pembeni, safari hii na samaki mdomoni, na tukasikia waziwazi mifupa ikivunjika. Nilikuwa nimefika miaka thelathini bila kumwona fisi maji hai. Mjomba alieleza kwa sauti ya chini kwamba mnyama huyu huwinda kwa macho, ndiyo maana hupenda maji safi, na kwamba Kivu linamfaa pia kwa sababu halina mamba.

Wakati wa kurudi, si mbali na ufuko wa Bulengo, tulikuta wavu wa nailoni umetegwa ukingoni mwa matete, na ndani yake fisi maji mchanga amekufa. Mnyama huyu huvuta hewa kama sisi. Akinaswa chini ya maji hana muda mrefu. Mjomba alimnasua polepole, uzi baada ya uzi, bila kukata wavu ambao haukuwa wake, akamlaza ubaoni na kuligeuza koo lake lenye madoa meupe. Alisema kila fisi maji ana madoa yake, hayafanani na ya mwenzake. Binti yangu hakulia. Alifungua daftari akayachora yote, huku mjomba akiishikilia boti isiyumbe.

Mwenye wavu tulimpata siku hiyohiyo. Alisema wanyama hao humchania nyavu na kumlia samaki, na kwamba ana watoto wa kulisha. Sikuweza kumchukia. Hata hivyo ninaamini, na nilimwambia kwa heshima, kwamba wavu haufai kutegwa kwenye matete wanamolala, kwa maana mita chache kuelekea kilindini zingewaokoa wengi.

Mwishoni mwa Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tena na tukaamriwa kuuhama mji, tulipanda meli ya Bukavu pamoja na umati wa watu. Binti yangu alikuwa amebeba nguo zake chache na lile daftari. Nilikaa nje, kando yake, tukitafuta vichwa bapa majini mpaka giza lilipoingia.