Siku moja maishani mwangu: nafundisha ufahamu, na hapana, si kusomea watoto hadithi

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nikawaambia nafundisha ufahamu, wengi wanatabasamu halafu wanasema ahaa kumbe unawasomea watoto hadithi. Kuna mmoja aliniambia kabisa kwamba yangu ni kazi ya kukaa, mtoto akishajua herufi si basi, kinachobaki ni nini. Sasa nimeamua niandike siku yangu ya jana ilivyokwenda, na ukifika mwisho ukawa umeelewa ujue kuna mtu alikaa akakufundisha kuelewa.

Saa kumi na moja alfajiri. Nimeamka, nimejiandaa, nimetoka, nimefika. Hapo hakuna stori.

Saa moja kasoro. Nimesimama mbele ya mashine ya fotokopi. Karatasi yangu ya leo ina pande mbili, upande mmoja kifungu cha habari kuhusu moyo wa binadamu, upande wa pili hadithi fupi ya kijana anayeingia usiku kwenye nyumba isiyokaliwa na watu. Nimeziweka pamoja makusudi. Wiki iliyopita kwenye jaribio niliuliza maana ya "alipiga moyo konde" na zaidi ya nusu ya darasa walinipa majibu ya ajabu (tutalirudia hili, tena sana), kwa hiyo nikasema leo tutakaa na neno moyo mpaka lichoke. Mashine ikatafuna karatasi mbili. Nakala 41 zikatoka lakini mchoro wa moyo umetoka mweusi tii, hauonekani mshipa wala nini, ikabidi nikauchore upya ubaoni kwa chaki mbili, nyekundu na buluu, na mimi si mchoraji. Ulitoka kama embe.

Saa mbili, kipindi cha kwanza. Sheria yangu kwenye matini ya habari ni kwamba hatuanzi kusoma. Kwanza tunaangalia kichwa, vichwa vidogo, mchoro na maelezo yake, jedwali, maneno yaliyokolezwa wino. Halafu tunachora safu tatu kwenye daftari: najua, nataka kujua, nimejifunza. Mbinu hiyo ilielezwa na Mmarekani mmoja anaitwa Donna Ogle mwaka 1986, na mi naipenda kwa sababu inanionyesha mapema nitagongana na nini. Jana kwenye safu ya "najua" karibu wote waliandika moyo uko kushoto, wakati uko karibu katikati ya kifua umeegemea tu kushoto. Na mmoja aliandika mistari miwili imefuatana, "moyo unasukuma damu" na chini yake "moyo ndo unaopenda". Hakuona tatizo lolote. Kazi yangu yote imo humo katikati ya hiyo mistari miwili aisee.

Basi tukaanza kusoma. Kifungu kinasema moyo ni pampu, una vyumba vinne, una kuta, una vali ambazo ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu ili damu isirudi ilikotoka. Mkono ukanyanyuka. "Mwalimu, humo kwenye vyumba anakaa nani?" Darasa likacheka, mi sikucheka, maana swali hilo ni kubwa. Watu wanadhani tamathali za semi ni za mashairi na hadithi tu, eti kwenye sayansi kila neno limekaa kama lilivyo. Wapi! Chumba, ukuta, mlango, pampu, hayo yote mwandishi ameazima kutoka nyumbani na kwenye mitambo ili akuonyeshe kitu ambacho hujawahi kukiona na macho yako. Tofauti ni kwamba mwandishi wa habari anaazima ili ujue, na unaweza kumshika ukamuuliza mfano wako unaishia wapi, mlango huu una kitasa? hauna, haya basi hapo mfano umekoma. Mwandishi wa hadithi naye anaazima ili uhisi kitu.

Afu kuna kijana wangu mmoja, kwenye kusoma huwa ni wa mwisho mwisho, anakwama kwenye neno la silabi nne mpaka unatamani umsaidie kulisukuma. Lakini ni mgonjwa wa mainjini. Aliposikia vali alisimama bila kuitwa akaeleza darasa zima vali inavyofunguka na kufunga, akatumia mikono, akatumia mlango wa darasa, na nilipowaambia kwamba ule mdundo wa moyo unaosikika ni vali zinapojifunga, yeye ndo aliyetikisa kichwa kama fundi mwenzangu. Wale wanaosoma vizuri walikuwa wanamwangalia tu. Sikushangaa. Kuna utafiti wa mwaka 1988 wa Recht na Leslie huko Marekani, walichukua wanafunzi wakawapa kifungu kuhusu mchezo wa besiboli, na wale wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo wakakielewa kifungu kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo mtu akikwambia mtoto fulani "hajui kusoma" muulize kwanza, kusoma kuhusu nini?

Kilichoniudhi ni jedwali. Niliuliza moyo wa mtu mzima aliyetulia unapiga mara ngapi kwa dakika. Jibu, 60 hadi 100, lipo kwenye jedwali tu, kwenye aya halimo. Walioliona ni watano. Wengine wakapekua aya zote, na walipokosa wakavua sentensi yoyote yenye neno "dakika" wakainakili. Mmoja nikamuuliza mbona hukuangalia jedwali, akanijibu "si ni picha mwalimu". Haya. Tukapiga hesabu pamoja, mapigo 70 mara dakika 60 mara saa 24 ni 100,800 kwa siku, na hapo darasa likanyamaza kidogo, kila mtu mkono kifuani.

Saa nne, tukageuza karatasi. Yule kijana wa hadithi anasogea mlangoni, moyo unamwenda mbio, kidogo afe moyo arudi zake. Nikaona mkono. "Mwalimu, huku nyuma wamesema moyo ukisimama mtu anakufa. Sasa huyu moyo wake ukifa atarudi nyumbani na nini?" Jamani. Huyo mtoto amesoma matini mbili akazigonganisha zenyewe kwa zenyewe, mimi ningemwongezea maksi kwa hilo swali tu kabla hajajua jibu. Nikawaambia hivi: anza na maana ya kawaida, iingize kwenye tukio, kama haiingii usiilazimishe, hapo pana nahau. Kijana bado ana miguu, anafikiria kurudi, ameogopa, kwa hiyo kilichotaka kufa ni nini? Wakanipa wenyewe: hamu, ujasiri, matumaini. Kutaja majina ya tashbihi, sitiari, tashihisi mbona rahisi, hata kasuku utamfundisha, mitihani nayo inapenda sana majina. Mi nataka uniambie kimefananishwa nini na nini na kwa sababu gani.

Nilitoka pale nimefurahi. Ndo nikamkuta mzazi ofisini.

Hapo ilikuwa saa tano na dakika kama kumi, na nilikuwa na dakika ishirini za kupumzika ambazo sikuziona tena. Baba wa mmoja wa wanafunzi, amesimama, ameshika lile jaribio la wiki iliyopita limekunjwa kunjwa. Salamu imekwenda vizuri, akakaa, akanyoosha karatasi mezani.

"Mwalimu, mwanangu anasoma kama maji. Nyumbani anatusomea gazeti zima hakwami. Sasa hizi kumi na moja kwa ishirini zimetoka wapi?"

Nikamwambia ni kweli baba, anasoma vizuri, sauti nzuri, vituo anavifuata. Akaweka kidole kwenye swali la saba. Eleza maana ya "alipiga moyo konde". Mtoto ameandika: alijipiga ngumi kifuani.

"Konde si ngumi?"

"Ni ngumi, baba."

"Moyo hauko kifuani?"

"Uko."

"Sasa kosa liko wapi mwalimu?"

Na niseme ukweli, mtoto alifikiri. Wengine waliacha wazi, yeye alijua konde ni nini, akaunganisha. Nilimweleza baba kwamba nahau huijumlishi neno kwa neno, inakuja nzima nzima, na kwamba kwenye kile kifungu msichana alikuwa anaogopa kuongea mbele ya watu halafu akapiga moyo konde akasimama, sasa kwa nini mtu ajipige ngumi ndo asimame? Baba akasema inawezekana alijipiga. Nikasema inawezekana, ila sentensi inayofuata inasema hofu ikamwisha. Akasema ngumi nayo inaondoa hofu. Yaani ilikuwa hivyo, nikifunga dirisha huku anatokea mlangoni.

Afu akanipa hotuba ambayo nitaikumbuka. Alisema, nanukuu nilivyoiweka kichwani, "Mwalimu mimi sipendi kuzungushwa. Haya mafumbo ni kupoteza muda. Mimi ni mtu wa kunyoosha maneno, nasema kitu kama kilivyo. Nilivyoiona hii karatasi damu ilichemka. Mtoto maksi zake mmezila, sasa amevunjika moyo, hataki hata kulishika daftari."

Kuzungushwa. Kunyoosha maneno. Damu kuchemka. Maksi kuliwa. Moyo kuvunjika! Nilikuwa nahesabu kimya kimya kwa vidole chini ya meza. Nilitamani kweli kweli kumwambia baba huo moyo umevunjika vipande vingapi, lakini nina adabu zangu na yeye ni mkubwa kwangu, nikameza. (Nimemeza nini? Haya tuendelee.)

Nikaona maneno hayatatusaidia nikamwandikia kwenye karatasi: *Vitopu vitatu vilizambuka kwenye mlaso.* Nikamwomba anisomee. Akasoma, kama maji. Nikamuuliza vitopu vilikuwa vingapi? Vitatu. Vilifanya nini? Vilizambuka. Wapi? Kwenye mlaso. Nikamwambia hongera baba, umepata tatu kwa tatu. Akatulia. Akaisoma tena chinichini. "Mwalimu, kitopu ni nini?" Nikamwambia hata mimi sikijui, nimekitunga sasa hivi. Akacheka kile kicheko ambacho mtu hakutaka kukitoa. Halafu nikamwonyesha swali la kwanza mpaka la nne la mwanawe, yote amepata, yote ameyavua moja kwa moja kutoka kwenye kifungu, na la tano kwenda chini, ambako lazima ufikiri mwandishi amemaanisha nini, yote yameanguka.

Maksi sikuongeza. Aliondoka bila kusema amekubali ila ile karatasi ya vitopu aliikunja akaitia mfukoni. Kengele ikalia, sijanywa hata maji.

Kipindi cha tatu na cha nne ni yale yale ya asubuhi kwa darasa jingine, ule mchoro wangu wa embe ukafutwa na mtu ikabidi nichore tena.

Mchana, sijui ilikuwa saa nane au tisa, nina kikundi cha wanafunzi sita wanaobaki. Hawa ndo wananichosha na ndo ninaowapenda. Watatu wanahangaika na herufi, lakini ukiwasomea wewe wanakueleza kila kitu mpaka kilichofichwa. Watatu wengine wanasoma kama redio, na kama redio hawajui walichosema. Gough na Tunmer, watafiti wawili, waliliweka hivi mwaka 1986: kusoma ni kutambua maneno mara kuelewa lugha. Mara, si kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri jibu lote ni sifuri. Kwa hiyo siwezi kuwafundisha hawa sita somo moja, nakaa na hawa dakika kumi nahamia kule dakika kumi, na kule niliwaomba wazo kuu la kifungu cha asubuhi wakaniandikia "moyo". Hiyo ni mada. Wazo kuu ni mwandishi anasema nini kuhusu huo moyo. Wakarudia, "kuhusu moyo". Tukarudia. Mara ya tano hivi mmoja akaandika "moyo unasukuma damu mwilini bila kupumzika" nikataka kulia, sijui kwa furaha au ni uchovu tu, saa ile vinafanana.

Halafu kusahihisha. Hapa saa zimeshapotea, nakumbuka tu kwamba jua lilikuwepo nikaanza na nilipoinua kichwa ni usiku. Madaftari 41 ya darasa moja, na siwezi kuweka vyema na mkasi kama hesabu, kila jibu ni sentensi, kila sentensi lazima uingie kichwani mwa mtoto ujue alipita wapi. Nilifika kwa yule mtoto wa baba. Swali la mwisho niliwaambia watunge sentensi mbili zenye moyo, moja ya habari na moja ya nahau. Ya kwanza safi. Ya pili ameandika: "Baba alikwenda shuleni kwa sababu nilivunjika moyo lakini sikuumwa."

Nimempa zote mbili. Hiyo "lakini sikuumwa" nimeikalia muda mrefu nikiwa nimeshika peni.

Kabla ya kulala nikaandaa kifungu cha kesho. Ni volkano. Ina mdomo, inatema, kuna volkano hai, kuna iliyolala na kuna iliyokufa. Nshamjua atakayenyoosha mkono wa kwanza kuuliza ilizikwa wapi.