Birika la ubatizo: weka saruji mbali

Kanisa la zamani likigeuzwa ukumbi, mabenchi huhamishwa siku moja. Birika la ubatizo ndilo hubaki, zito, limejikita sakafuni. Huku Mtwara na Lindi, ambako mawe ya matumbawe na chokaa ni ujenzi wa jadi wa pwani, adui wake wa kwanza ni fundi mwenye mfuko wa saruji.

Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haipitishi unyevu vizuri. Maji yanayopanda kutoka chini hutafuta njia kwenye jiwe lenyewe, na chumvi yake ikiganda humo hulimega. Pitisha kidole shingoni mwa birika, karibu na sakafu: ukitoka na unga mweupe, ndiyo hiyo. Usiioshe kwa asidi, itakula jiwe. Piga brashi laini kavu, kisha bandika karatasi iliyolowekwa maji safi mpaka ikawa kama uji. Ikikauka, ibandue pamoja na chumvi. Rudia.

Viungo vijazwe chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu. Mchanga wa mtoni uliooshwa, si wa ufukweni. Funika kwa magunia mabichi wiki nzima, maana jua la huku hukausha chokaa kabla haijashika.

Mfuniko msiutupe. Mwaka 1236 askofu mkuu wa Canterbury, Uingereza, aliagiza mabirika yafungwe kwa kufuli, watu wasiibe maji kwa ushirikina. Na tundu la chini lisiunganishwe na bomba la choo. Kwa desturi maji hayo huishia ardhini.