Soksi za shule na stoo ya korosho

Ikifika Ijumaa jozi moja ya spika lazima iondoke kwenye stoo yetu. Ya kwanza ni KEF Q150 za kaka yangu wa Dar. Tangu wapate mapacha hana pa kuziweka, kwa hiyo alizifunga kwa blanketi, akazipakia kwenye basi na ujumbe mmoja tu: ukizitaka laki sita, usipozitaka zirudi kama zilivyokuja. Ya pili ni Yamaha NS-10M, zile zenye koni nyeupe, ambazo fundi redio wa mjini Mtwara alizipata kwenye mzigo wa mtumba. "Mwalimu, kaa nazo kwanza, hela tutazungumza." Fundi akikwambia hivyo ujue ameshaujua ugonjwa wako.

Stoo yenyewe iko hapa Mikindani, chumba alichokuwa akihifadhia korosho marehemu baba. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba kwenye kizingiti cha dirisha naweza kukaa. Sakafu ni saruji. Nilikipima kwa futikamba: urefu mita 3.4, upana 2.9, kwenda juu 2.7. Kwa kulala kinatosha kabisa. Kwa muziki ni mtihani, maana vipimo vyake vyote vinakaribiana.

Nafundisha fizikia, hivyo mnivumilie aya moja. Kwenye joto letu la nyuzi 28, sauti inakwenda karibu mita 348 kwa sekunde. Igawanye kwa urefu wa chumba uliozidishwa kwa mbili, unapata 51 Hz, yaani mitetemo 51 kwa sekunde. Fanya hivyo kwa upana, inakuja 60. Kwa kimo, 64. Kwenye masafa hayo wimbi likigonga ukuta linarudi na kukutana na linalokuja, yanajazana palepale badala ya kupita. Na huko ndiko linakoishi gitaa la besi: kamba yake nene kabisa ikipigwa wazi ni 41 Hz, inayofuata ni 55. Sasa mchukue mpiga besi wa dansi anayepanda na kushuka. Nota tatu zinapita salama, ya nne inaunguruma kama lori limebeba korosho linapandisha mlima.

Nilitaka nilione hilo kwa macho, au tuseme kwa kifua. Kuna programu ya simu inayotoa mlio mmoja tu mfululizo. Nikaweka 51 Hz, nikaegemea ukuta wa nyuma. Mbavu zinatetemeka, na kikombe cha chai kwenye rafu kinalia chenyewe. Nikasogea hatua moja, mlio ukalegea. Nilipofika katikati ya chumba, ukafa. Nilidhani umeme umekatika. Nikarudi ukutani, huo hapo. Mwanangu wa darasa la tano alinikuta natembea mbele na nyuma mdomo wazi, akasimama mlangoni kidogo, akaondoka bila kuniuliza kitu.

Kiti changu kikahama siku hiyohiyo. Kilikuwa kimeegemezwa ukutani, nikakileta mita 1.3 mbele: si ukutani ambako besi inajazana, si katikati ambako haipo.

Sasa spika zenyewe. Q150 twita yake, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, imekaa katikati ya koni, kama kiini cha yai, kwa hiyo hata ukikaa karibu nayo sauti zote zinakufikia kutoka mahali pamoja. Kutoka kitini kwangu hadi kwenye spika hapafiki mita 2, na hapo ndipo spika nyingine hugawanyika, sauti ya mwimbaji juu, ngoma chini. Tatizo la Q150 liko mgongoni, ambako kuna tundu la hewa. Tundu hilo hulifanya kasha dogo litoe besi kuliko umbo lake, na dukani ndilo linalokutoa hela mfukoni. Stoo yetu haina haja ya msaada huo. Nyuma ya spika kuna sentimita 40 tu kabla ya ukuta, na ukuta nao una lake la kuongeza.

NS-10M hazina tundu, kasha limezibwa pande zote. Zilitoka mwaka 1978 kama spika za nyumbani, nyumbani hazikufua dafu, lakini mafundi wa studio wakazipenda zikaenea dunia nzima mpaka Yamaha walipoacha kuzitengeneza mwaka 2001. Besi ya kasha lililozibwa inashuka taratibu, kama desibeli (dB) 12 za ukubwa wa sauti kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanapopungua nusu. Lenye tundu hujikaza mpaka mwisho, halafu linaporomoka kwa 24. Chumba kidogo chenyewe kinainua besi, basi ile inayoshuka taratibu hukutana na chumba njiani. BBC nao walipobuni LS3/5A miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo, kikasha cha lita 5 hivi, walikiziba kabisa.

Kwa hesabu, Yamaha walikuwa wameshachukua. Habari za wati sikuzijali hata kidogo. Kwa umbali ule amplifaya yangu ya wati 30 haijawahi kuvuka robo.

Nikamwita mama aje asikilize. Mama hajui Hz, lakini taarabu anaijua tangu msichana. Nikamwekea Yamaha. Fidla zikaingia, mwimbaji akafuata, na mama akakunja uso.

"Huyu ana ugomvi na nani?"

Alikuwa ameliona kabla yangu. NS-10M zinasukuma mbele eneo lile ambalo sauti ya mtu na fidla hukaa, na kuta za chokaa zinalirudisha mara ya pili. Mafundi wa studio zamani walikuwa wanatundika karatasi ya chooni mbele ya twita kupunguza makali. Nilijaribu. Inasaidia kweli. Ila kumkalisha mama yako atazame karatasi ya chooni inapepea huku akisikiliza taarabu, hapana, kuna mipaka.

Nikarudi kwa KEF na tundu lao. Kwenye kapu la nguo kulikuwa na soksi nyeupe za shule. Nikaziingiza kila moja tunduni, nikasindilia. Besi ikakauka, dansi likawa kama linapigwa na mtu mwenye haraka ya kwenda nyumbani. Nikazitoa, nikazikunja zikae kwa kulegea, hewa ipite kidogo. Mpiga besi akapanda, akashuka, na ile nota ya nne ikakaa mstarini na wenzake. Karibu. Bado ilikuwa inanenepa kidogo.

Halafu wiki ya pili shemeji akaja na pikapu kuchukua magunia yetu 6 ya korosho yaliyokuwa bado stooni kuyapeleka ghala la chama cha msingi, mnada unakaribia. Jioni nikawasha muziki, nikadhani nimeunguza kitu. Kila kilichokuwa laini kimekuwa kikali, maneno yanagongana. Nikazima, nikapiga kofi moja katikati ya chumba: paa, na mkia wake ukabaki hewani unalia kama sahani. Wiki nzima nilikuwa nalinganisha spika ndani ya chumba chenye korosho pembeni zinazonyonya sauti bila kuzihesabu, na hilo mwalimu wa fizikia hapaswi kulikiri mbele ya watu.

Jirani ana mti wa sufi, na mama bado anashona magodoro ya zamani. Nilipata magunia mawili yaliyojaa, nikayasimamisha kwenye pembe mbili nyuma ya spika, moja juu ya kiti na jingine juu ya sanduku, yakakaribia dari. Jamvi chini, godoro jembamba ukuta wa nyuma. Kofi safari hii likakatika palepale. Yamaha zikapungua ukali, lakini mama alipoletwa tena alisema mwimbaji "sasa amesamehe ila hajasahau". Kwa KEF hakusema kitu. Alivua viatu.

Kabla sijamlipa kaka nilifanya jambo moja ambalo ukinunua spika za mtumba huku pwani usiliache. Bonyeza kwa kidole ule ukingo unaoishika koni. Nilikuwa na spika nyingine, sizitaji jina, ukingo wake ulikuwa sponji. Miaka michache ya unyevu na chumvi ya ghuba, nikagusa ikabomoka kama andazi la juzi. Za KEF ni mpira, umetulia. Waya pale unapoingia kwenye spika nao huota ukungu wa kijani, nausugua kila kusi na kila kaskazi.

Stendi kanichomea kijana wa karakana kwa mabomba ya chuma, sentimita 80, twita ije sawa na sikio nikiwa nimekaa. Alitaka kuyajaza mchanga wa ufukweni, uko bure, uko hatua chache. Nikamkatalia: chumvi ile ingekula bomba kwa ndani. Tukajaza wa mtoni.

Alhamisi nikamrudishia fundi Yamaha zake kwa bajaji, nimezipakata. Hakununa. Alizigeuza, akazikagua koni, akauliza, "Mama kakataa?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka.

Jumatatu saa 12 asubuhi mwanangu kasimama ukumbini mguu mmoja una soksi ya buluu, mwingine hauna kitu, anauliza nyumba nzima soksi zake nyeupe zimekwenda wapi. Mama akaonyesha stoo kwa kidevu.