Wiki 11 bila sijda

Wiki 11 nimeswali juu ya kiti cha plastiki. Bodaboda niliyopanda ilinimwaga hapa hapa Ngamiani, Tanga, mfupa wa mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti, nikafungwa hogo mpaka pajani, goti halikunji, kwahiyo kusujudu ndo hakuna kabisa.

Siku niliyorudi nyumbani nilimuuliza Maalim wetu kama inafaa nisubiri nipone nije nizilipe zote kwa pamoja. Akanijibu taratibu tu, mwanangu, swala haisubiri mguu. Akanihadithia habari ya Imran bin Huswain, swahaba aliyekuwa na bawasiri, Mtume (s.a.w.) akamwambia aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alalie ubavu. Akanielekeza na udhu wangu, naosha panapoosheka, napangusa maji juu ya hogo, afu natayamamu, yaani najipangusa vumbi safi usoni na mikononi. Kwenye rukuu nainama kidogo, kwenye sijda nainama zaidi.

Sasa mimi swala sijawahi kuiacha tangu nibaleghe na nilikuwa najihisi kwenye hilo sina wasiwasi, ila nilikuwa naswali kama mtu anayelipa deni dukani, unaweka hela juu ya meza unageuka unaondoka. Adhuhuri ya rakaa nne naimaliza chai haijapoa, kichwani niko na baiskeli ya mteja, spoku ngapi zimekatika, nani hajalipa. Kwenye kiti ndo nikagundua, yale mainuka na mainama ndimo nilimokuwa najificha, mwili unaenda nikadhani na moyo nao unaenda. Yalipoondoka nikabaki mimi na maneno tu, na maneno yenyewe nilikuwa siyasikii.

Maalim akaja kunitazama siku moja akaniuliza, Fatiha unaisoma mara ngapi kwa siku, faradhi peke yake? Nikahesabu kwa vidole, mara moja kila rakaa, alfajiri 2, adhuhuri 4, alasiri 4, magharibi 3, isha 4, jumla 17. Akasema, na mara zote hizo unajibiwa, je, unasikiliza? Akanikumbusha ile hadithi qudsi, maneno ya Mwenyezi Mungu aliyoyasimulia Mtume, ambayo nimeisikia tangu chuoni na haikuwahi kunigusa, kwamba Mwenyezi Mungu kaigawa swala baina yake na mja wake. Mja akisema alhamdulillahi rabbil alamin, Yeye anasema mja wangu amenihimidi. Akisema arrahmani rrahim, anasema mja wangu amenisifu, inaendelea hivyo aya kwa aya, mpaka pale mja anapoomba na Yeye anasema mja wangu atapata alichoomba.

Nilinyamaza muda mrefu. Miaka yote hiyo nilikuwa namkatiza Mola wangu. Yaani nasema, sisubiri jibu, hapo hapo napita, aya ya pili juu ya ya kwanza. Tangu siku ile kila aya natua, pumzi moja tu, siyo zaidi, na kwenye ile pumzi kuna kitu ambacho sijui nikiiteje, kama vile mtu yuko chumbani na ulikuwa hujamwona.

Watu wengi tunaipima swala kwa kilichopatikana, umeomba kazi umepata, umeomba mtoto umepata. Mfupa wangu umeunga kwa muda wake kama wa mtu mwingine yeyote, na kodi ya kibanda ilichelewa vilevile. Lakini yule kijana wa bodaboda wiki nne za mwanzo hakuja kuniangalia hata siku moja, na nilishamuandalia maneno, makali, nayarudia kila usiku kabla ya kulala. Wiki ya tano akaja, jioni, na mfuko wa machungwa. Nikamwambia subiri kwanza niswali alasiri. Nikafika ihdina, nikatua, naomba niongozwe njia iliyonyooka na huku mtu yuko barazani ananisubiri nikamtukane. Ulimi ukawa mzito. Nilipotoa salamu nikatoka na magongo yangu, yale maneno sikuyaona yalipo, tukala machungwa, akalia, akasema alikuwa anaogopa kuja. Qur'ani inasema swala humkataza mtu machafu na maovu, na nilikuwa najiuliza mbona yangu hainikatazi, mke wangu anaujua ulimi wangu. Labda sikuwahi kuipa nafasi inifikie.

Ila sijda niliikosa jamani. Mtume kasema mja anakuwa karibu zaidi na Mola wake akiwa amesujudu, na mimi nilikuwa namtazama mwanangu wa darasa la pili pembeni yangu, paji lake linagusa mkeka, nikamuonea wivu, wivu wa kweli mpaka kooni.

Hogo lilikatwa wiki tatu zilizopita, goti likawa gumu kama ubao, mke wangu ananikanda kwa maji ya moto kila usiku. Leo magharibi nikakiacha kiti. Rakaa ya kwanza nikashuka kidogo kidogo, goti la kushoto, la kulia likauma likakubali, mikono, paji likafika chini. Mkeka unanukia ukindu na vumbi. Nikasema subhana rabbiyal aala, mara tatu, mara ya nne, baadaye sikujua nimefika ya ngapi. Nilipoinua kichwa mwanangu alikuwa bado yuko chini kulia kwangu, ananisubiri.