Kaa laini: yule wa gando moja kashavua gamba

Apdeti ya mradi wa kaa koko huku Tanga, hawa kaa wa mikoko wanaouzwa wakiwa laini, yaani wakishavua gamba tu kabla jipya halijakaza. Mliokuwa mnaulizia yule dume aliyekatika gando la kulia, kavua gamba usiku wa kuamkia leo na gando limerudi, dogo kuliko la kushoto lakini limekamilika na meno yake, aisee nimefurahi sana.

Dalili zilikuwepo, alishagoma kula, ukimwekea dagaa hamgusi, na pale lilipokatikia gando paliota kinundu kimejikunja ndani ya utando na kila nikimcheki kimevimba zaidi. Hicho kinundu ndo gando lenyewe, halikunjuki mpaka siku ya kuvua, kwahiyo kwa kaa waliopoteza viungo mi naangalia hapo kwanza.

Kuvua kwenyewe anaanza kwa kunywa maji mengi, mwili unavimba, gamba linaachia kwa nyuma pale mgongo unapoishia, halafu anatoka kinyumenyume taratibu. Kazi iko kwenye magando, yaani nyama yote ile nene inatakiwa ipite kwenye kiungo chembamba, ndo maana kabla ya kuvua misuli ya gando inasinyaa yenyewe. Na havui la nje tu, anavua mpaka kifuniko cha macho na ngozi ya ndani ya tumbo la chakula. Nimeliokota gamba tupu, lina miguu yote, macho yapo, ukiliweka mchangani mtu atasema kaa mzima.

Muda wa kuvua unaamuliwa na homoni, kuna inayotoka kwenye vikonyo vya macho kazi yake kuzuia, ikipungua ile ya kuvua inapanda. Wapo wafugaji wanaokata magando na miguu makusudi ili kaa avue haraka, mi hiyo sifanyi, ni ukatili na kusubiri kunawezekana.

Wa kuuza anatolewa kwenye maji chumvi mapema, ndani ya masaa machache, anaingia kwenye barafu, akichelewa gamba linaanza kukaza maana chokaa anaivuta kwenye maji hayohayo. Huyu namwacha akue. Kila mmoja ana boksi lake, akiwa laini hivi wenzake wanamla.

Sasa naongeza matundu kwenye maboksi ya upande wa mikoko, maji yakipwa hayazunguki vizuri kule, na kuna jike naye kashaanza kugoma kula.