Usukani wa baiskeli ya lami: pima kabla ya kununua

Kidole cha mwisho kikianza kufa ganzi baada ya kilomita ishirini, watu hukimbilia glavu. Glavu hupunguza tu. Ganzi ya kidole hicho na nusu ya kile cha pete hutokana na mshipa wa fahamu unaopita kwenye kitako cha kiganja, ambao usukani unaukandamiza. Ikiwa ganzi iko kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, huo ni mshipa mwingine, na mara nyingi kosa ni kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoungana na mkono, kilichopinda muda wote.

Anza na siti, haigharimu kitu. Weka pimamaji juu yake. Pua ya siti ikiinama, mwili unateleza mbele na mikono ndiyo inayouzuia, hata usukani ukiwa wa bei gani.

Siti ikishakaa sawa, njoo kwenye upana. Kwa usukani wa resi, ule uliopinda chini kama pembe za kondoo, mtu akupimie kutoka ncha ya mfupa wa bega moja hadi la pili. Ukipata sentimita 40, tafuta usukani wa 40, au 42 ukipenda kifua kiwe wazi zaidi. Ila uliza umepimwaje: kuna watengenezaji wanaopima katikati ya bomba hadi katikati, wengine nje hadi nje, na tofauti inakaribia sentimita 2 na nusu.

Kinachosahaulika ni urefu wa kwenda mbele, kutoka bomba la juu la usukani hadi kwenye mpindo. Usukani wa milimita 75 na wa 100, ukiwa kwenye shingo ileile (kipande kinachoubana usukani na kuuunganisha na baiskeli), unatofautisha mahali pa kushika kwa sentimita 2 na nusu, na mgongo utaisikia tofauti hiyo. Kwa safari za starehe, chukua wa 70 hadi 80, na kina cha kushuka kisizidi 125 hivi. Usukani wenye kina kirefu unapendeza kwa macho, lakini sehemu ya chini hutaishika kamwe.

Usukani ulionyooka una ubaya mmoja: mkono unashika mahali pamoja tu. Ukiwa wa baiskeli ya milimani, wenye sentimita 70 na zaidi, ni mpana mno kwa lami. Usiukate siku hiyohiyo. Sogeza ndani mikono ya breki na mipira ya kushikia kwa sentimita 2 kila upande, endesha wiki nzima, ndipo uchukue msumeno wa chuma. Wengi huishia kwenye 58 hadi 62. Unaorudi nyuma, kama wa baiskeli nyeusi za mizigo, ndio rafiki wa kifundo cha mkono kuliko yote. Ila zile zenye breki za vyuma, usukani na breki ni kitu kimoja: ukibadilisha usukani, jiandae kununua na breki za waya.

Sasa mtego wa vipimo. Sehemu inayobanwa na shingo mara nyingi huwa na kipenyo cha milimita 25.4, 26.0 au 31.8. Jicho halitofautishi 25.4 na 26.0, kwa hiyo beba kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Usukani wa 25.4 kwenye shingo ya 26.0 utakazwa na utaonekana umeshika, hadi ugonge tuta na uzungukie chini ukiwa umeulalia. Mafundi hujazia kipande cha kopo la soda. Kopo lina unene wa karibu milimita 0.1, nafasi inataka 0.3 kuzunguka pande zote, na tabaka tatu laini huteleza zenyewe kwa zenyewe. Nunua shingo sahihi.

Mtego wa pili uko kwenye mikono ya breki. Usukani ulionyooka una bomba la 22.2, wa resi 23.8, hivyo haviazimani. Hata ukipata mikono ya resi, ile ya kawaida huvuta waya mfupi. Ukiiunganisha na breki za V, utabana hadi mkono wa breki uguse usukani kabla gurudumu halijasimama.

Shingo ya zamani inayoingia ndani ya foku: legeza bolti ya juu mizunguko mitatu, weka kipande cha ubao juu yake, gonga nyundo mara moja ili kabari iachie. Ukiipandisha, alama ya mwisho isionekane nje. Shingo ya bolti nne, kaza kwa kupishana, upenyo wa juu na wa chini ulingane. Nguvu huandikwa kwenye shingo yenyewe, mara nyingi Nm 5: ni kama uzito wa kilo 5 kwenye spana ya L, sentimita 10 kutoka kwenye bolti.

Kabla ya kutoka, inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Waya ukikazika na breki ikajibana yenyewe, weka waya na ganda lake refu zaidi.